Kilo, Debe na Hatua Sabini

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kiongozi wa darasa ana chaki mkononi. Kwa somo la leo yafaa muwe na ndoo moja ya lita 20, na futi ya kamba kama ile atumiayo fundi cherehani. Asiye navyo asihangaike. Atasikiliza tu, na vitu atavitafuta kesho.

Tumepata barua kutoka darasa moja la Kibaigwa. Kama mjuavyo, Kibaigwa ni mji wa mahindi. Upo katika wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na soko lake la nafaka huvuta malori ya mbali, hata ya nchi jirani. Watu wa mji huo basi hupima kitu karibu kila siku ya Mungu. Barua yasema kwamba darasa limegawanyika pande mbili. Upande mmoja wasema: nchi yetu imekwisha chagua kilo, lita na mita tangu zamani, kwa hiyo debe, futi, inchi na eka ni mambo ya kale, tuyaache. Upande wa pili wasema: vipimo vya zamani ndivyo watu wanavyovielewa. Mzee mmoja alisimama akasema, "Debe naliona kwa macho yangu. Mizani ni ya mwenye mizani." Mama mmoja auzaye alizeti akamjibu, "Mzee wangu, na hayo macho yameibiwa mara ngapi?" Darasa likacheka, lakini swali likabaki. Wametuomba tuwaamulie.

Kabla ya kuamua, tumfuate mtu mmoja wa Kibaigwa anayejenga nyumba. Asubuhi anakwenda dukani kuomba bomba la maji la nusu inchi. Nondo anaomba za milimita 12. Mbao anaomba mbili kwa nne, maana yake inchi 2 kwa inchi 4, zenye urefu wa futi 12. Saruji ananunua kwa mfuko wa kilo 50. Akifika kwenye mabati anaulizwa, geji 28 au geji 30? Hapo sharti awe macho, kwa sababu namba ya geji huenda kinyume: geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, na mtu asiyejua hudhani namba kubwa ni bati nene. Rangi ananunua lita 4. Kiwanja chake kimeandikwa katika hati kwa mita za mraba. Jioni anampelekea fundi cherehani kitambaa cha mita 3, na fundi anampima kiuno kwa inchi.

Mtu huyu hakukosea hata mara moja. Ametumia vipimo vya Waingereza na vya Wafaransa kwa siku moja, na bomba lake halitavuja kwa sababu hiyo. Bomba la nusu inchi huingia katika kiungo cha nusu inchi, basi, yamekwisha. Kwa hiyo wale wanaotaka inchi ipigwe marufuku kesho, mimi siungani nao. Taabu ipo mahali pengine, nasi tutaifikia.

Mchanganyiko huu wa vipimo una historia yake, na historia hiyo inapita papa hapa Ugogo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyokwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo. Stanley, aliyepita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alilalamika sana juu ya hongo hiyo. Nyingi ililipwa kwa nguo, na nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilikuwa shuka, na shuka 2 zilikuwa doti. Neno doti mnalo mpaka leo mkinunua kanga. Lakini mkono wa nani? Ikipimwa kwa mkono mrefu, nguo iliyotolewa ilikuwa kubwa. Ikipimwa kwa mkono mfupi, ilikuwa ndogo. Na midomoni hesabu ilikuwa ile ile. Huko pwani nafaka ilipimwa kwa pishi na kibaba, vibaba 4 kwa pishi 1, na pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16.

Wafaransa nao walikuwa na taabu kama hiyo katika nchi yao. Kila jimbo lilikuwa na kipimo chake. Mwaka 1795 wakatunga sheria ya kutumia mita. Wataalamu wao walichukua urefu wa dunia kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta, wakaugawa sehemu milioni kumi, na sehemu moja wakaiita mita. Lita ni sanduku lenye sentimita 10 kila upande, na kilo ilitokana na uzito wa maji yanayojaa sanduku hilo. Kila kitu huenda kwa kumi, kwa mia, kwa elfu. Kwa Waingereza, inchi 12 ni futi, futi 3 ni yadi, yadi 1,760 ni maili, na wakia 16 ni ratili. Watoto wa shule wa siku hizo walichapwa fimbo nyingi kwa ajili ya hesabu hizo.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walikuja na kilo na mita. Reli ya Kati waliyoijenga, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita 1 kamili kati ya chuma na chuma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na ratili, galoni na eka. Ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulipangwa kwa eka: eka 3,210,000 ndizo zilizotazamiwa kusafishwa katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mpango ulikufa mwaka 1951, maana udongo ulikuwa mgumu, mvua ilikuwa chache na mashine zilivunjika. Eka haikufa. Halafu, baada ya Uhuru, nchi zetu za Afrika ya Mashariki zikarudi kwenye kilo na mita. Kwa hiyo yule anayesema kilo ni kitu cha juzi, mwambieni ilikuwa hapa kabla ya ratili, ikaondoka, ikarudi.

Na dunia ina mzaha wake. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ina upana wa milimita 1,435. Namba ya ajabu, sivyo? Ni futi 4 na inchi 8 na nusu za Kiingereza. Reli ya zamani ni ya mita, na reli mpya ni ya futi!

Sasa tuje kwenye debe, maana hapo ndipo fedha zenu zilipo.

Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa au petroli. Lilikuja na galoni 4 za Kiingereza ndani yake, na mabati mawili yalifungwa katika sanduku moja la mbao. Mafuta yakiisha bati halikutupwa. Lilichota maji, lilipimia nafaka, na lilipochakaa lilikunjuliwa likaezekea kibanda. Galoni moja ya Kiingereza ni lita 4 na nusu na kidogo. Galoni 4 basi ni lita 18 na kidogo. Kiongozi, andika ubaoni:

DEBE LA BATI: LITA 18.

Siku hizi debe la bati ni nadra. Mahali pake pamechukuliwa na ndoo ya plastiki ya lita 20, nayo twaiita debe vile vile. Andika chini yake:

DEBE LA PLASTIKI: LITA 20.

Toa ya juu kutoka ya chini. Zinabaki lita 2.

Hakuna mtu aliyepiga mbiu sokoni kwamba kuanzia leo debe limeongezeka. Jina lilibaki, chombo kikabadilika. Baba yako aliuza madebe sita, nawe unauza madebe sita, na wote wawili mnasema mmeuza gunia. Lakini wewe umetoa lita 12 zaidi ya alizotoa baba yako. Lita moja ya mahindi makavu hukaribia robo tatu ya kilo. Robo tatu ya 12 ni ngapi? Ngojeni wahesabu... Ndiyo, ni 9. Kilo 9 za mahindi zimeondoka nyumbani mwako kwa sababu neno moja limebeba vyombo viwili.

Hapo bado hatujagusa kilele. Mnajua wenyewe: mnunuzi hapendi debe lililosawazishwa kwa kijiti. Anataka mahindi yamwagwe mpaka yafanye mlima juu ya ndoo, na yakimwagika pembeni anayasukuma kwa kiganja yarudi. Mlima huo, juu ya ndoo ya kawaida, ni kama lita moja na nusu. Mara sita, ni lita 9, karibu kilo 7. Tukijumlisha na zile 9 za kwanza, tunapata kilo 16 kwa kila gunia. Tuseme bei ni shilingi 600 kwa kilo. Hii ni bei ya mfano tu, msiende nayo sokoni. Kilo 16 mara 600 ni shilingi 9,600. Aliyeuza magunia 20 ameacha shilingi 192,000 njiani. Hakuibiwa na mtu aliyekuja usiku. Alikuwa amesimama papo hapo akihesabu: moja, mbili, tatu.

Tena wapo wanaoitikisa ndoo. Mahindi yakitikiswa hukaa vizuri na nafasi ya kuongeza hupatikana. Wapo pia wenye ndoo iliyowekwa juani ikavutwa ikatanuka. Na lumbesa ni ndugu wa kilele: gunia linajazwa, kisha linaongezewa shingo ya kamba au ya kipande cha gunia jingine, likashonwa likiwa na kichwa juu yake. Kanuni za vipimo hazikubali mazao ya shamba yafungwe kwa zaidi ya kilo 100, na kusimamia jambo hilo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Lakini mkaguzi hawezi kulala katika kila kijiji. Sokoni mizani ipo. Kule shambani, mnunuzi anayekufuata nyumbani huja na ndoo yake.

Basi turudi kwa yule mzee wa darasa. Sitaki acheke mtu anapomsikia, maana alisema jambo la maana. Debe, hata mtu asiyejua a wala be huliona likijaa. Mizani huonyesha namba, na namba ni ya anayejua kuisoma. Kama husomi, mizani ni mdomo wa mwenye mizani tu. Mtu aliyedhulumiwa kwa mizani miaka kumi, akarudi kwenye debe, hakufanya upumbavu. Alichagua hatari anayoiona kuliko ile asiyoiona.

Lakini sasa, mzee wetu, wewe umo darasani. Namba mpaka mia unazisoma. Kwa hiyo tusome mizani pamoja.

Kwanza, kabla gunia halijawekwa, tazama mshale au tazama kioo cha namba. Unasoma nini? Sharti iwe 0. Kama inasema 2 au inasema 5 na hakuna kitu juu yake, mwambie mwenyewe airekebishe, wala usione haya. Kuna mizani nyingine ambayo mshale wake umelegezwa upande wa chini ya 0. Hiyo nayo hukula wewe muuzaji, kwa kuwa huanza safari nyuma ya mstari. Pili, tafuta alama ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa au kugongwa kwenye mizani, nayo ina mwaka. Usome mwaka. Mizani iliyokaguliwa miaka mingi iliyopita si lazima iwe mbovu, lakini una haki ya kuuliza. Tatu, kama mizani yenyewe ni ya mshale, hesabu vijistari kati ya namba na namba. Ikiwa kati ya 80 na 90 kuna nafasi 10, kila nafasi ni kilo 1. Ikiwa zipo 5, kila nafasi ni kilo 2. Wengi hukosea hapa, hata waliomaliza shule. Na simama mbele ya mshale, usisimame pembeni, maana kutoka pembeni mshale huonekana umesogea. Mwisho, andika. Gunia la kwanza, kilo kadhaa. La pili, kilo kadhaa. Ukiandika wewe na akiandika yeye, mtajumlisha wote wawili, na hapo ndipo heshima inapoanza.

Mizani haina baraka zote. Mahindi yenye unyevu ni mazito, ndiyo maana mnunuzi huyatafuna punje moja asikie kama inapasuka. Yeye pia anajihadhari, na ana haki. Lakini kati ya ndoo na mizani, kwa mtu anayeuza mazao, mimi nasema mizani. Debe na libaki kwenye maji ya kisima, huko halimdhulumu mtu.

Sasa nataka kuwaonyesha kwamba hata kilo peke yake haitoshi. Malori ya Kenya hufika mpaka kwenu. Kenya bei ya mahindi hutajwa kwa gunia la kilo 90; kwetu gunia la mahindi ni la kilo 100. Kwa nini 90? Gunia la zamani la Waingereza lilikuwa la ratili 200. Ratili 200 ni kilo 90 na kitu. Kilo zilipokuja, Wakenya waliliacha gunia lao lilivyo wakalipa jina la kilo 90. Haya, msikilizaji anasikia kwa simu kwamba Nairobi gunia ni shilingi 54,000 za Tanzania. Tena mfano tu. Mnunuzi anamwambia, "Bei ni ile ile, nakupa 54,000 kwa gunia." Je, ni ile ile? Kiongozi, gawanya ubaoni. 54,000 kwa 90 ni 600. 54,000 kwa 100 ni 540. Shilingi 60 kwa kila kilo zimepotea, hata kabla ya kutoa nauli ya lori, na hakuna aliyesema uwongo.

Hata wasomi huanguka shimo hilo. Mwaka 1983 Canada ilikuwa ikiacha ratili na kuingia kwenye kilo. Mwezi wa Julai ndege moja kubwa ya abiria ilihitaji kilo 22,300 za mafuta kwa safari yake. Waliopiga hesabu walitumia namba ya kugeuza lita kuwa ratili, wakadhani wamepata kilo. Namba 22,300 ilionekana sawasawa katika karatasi, lakini zilikuwa ratili, yaani chini ya nusu ya mafuta yaliyotakiwa. Ndege ilizimika injini zote mbili ikiwa juu mawinguni. Rubani aliiteremsha bila injini mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi mahali paitwapo Gimli, na watu wote 69 walipona. Marubani, mafundi, karatasi, mashine za hesabu, vyote vilikuwapo. Swali lililokosekana ni lile ambalo mama wa alizeti angeuliza: ishirini na mbili elfu za nini?

Imebaki eka. Hapa naomba wale wanaokodi mashamba wasogeze viti.

Watu wote wa kwetu wanajua kwamba eka ni hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hii ni nzuri, na ilitoka kwenye yadi. Eka ya Kiingereza ni yadi za mraba 4,840. Yadi 70 mara 70 ni 4,900. Imekaribia sana. Kwa hiyo ile hatua ya 70 kwa 70 ni hatua ya yadi moja, yaani sentimita 91. Hiyo ni hatua ndefu! Mtu akitembea kwa kawaida hatua yake huwa kama sentimita 75. Sasa tufanye hesabu. Hatua 70 za sentimita 75 ni mita 52 na nusu. Mita 52 na nusu kwa 52 na nusu ni mita za mraba 2,756. Eka kamili ni mita za mraba 4,047. Basi aliyelipa kodi ya eka moja iliyopimwa kwa hatua hizo amepata theluthi mbili ya eka, na kidogo tu juu yake. Ndiyo maana anashangaa mbegu zimebaki na mavuno ni machache, akamlaumu bwana shamba.

Upande mwingine yupo anayesema, "Mambo ya hatua yamepitwa, mimi napima kwa mita," akachukua kamba akapima mita 70 kwa mita 70. Huyu amepata 4,900, zaidi ya eka kwa mita za mraba 853. Ukiwa kibarua umekubali kulima eka moja kwa bei fulani, na mwenye shamba akakupimia mita 70 kwa 70, umelima zaidi ya moja ya tano bure. Dereva wa trekta naye vile vile. Hapa mita imetumika, mita nzuri ya Wafaransa, na mtu bado kadhulumiwa, kwa sababu namba ya yadi imevikwa jina la mita. Ukitaka eka kwa mita, ni mita 64 kwa mita 64. Andikeni hiyo katika jalada la daftari, 64 kwa 64. Inazidi kidogo sana, na kwa shamba la kawaida yatosha.

Na matatizo hayaishii hapo, kwa sababu wengi wetu hatusemi eka, twasema heka. Kisha linakuja neno hekta. Masikio hayatofautishi. Lakini hekta ni mita 100 kwa mita 100, na ndani yake zinaingia karibu eka mbili na nusu. Mfuko wa mbegu au karatasi ya dawa mara nyingi huandikwa kwa hekta. Ikiwa imeandikwa kilo 25 kwa hekta, nawe ukazimwaga zote kwenye eka moja, umepanda mara mbili na nusu ya kipimo. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Wazee waliozoea hesabu ya Kiingereza wangesema inchi 22. Kwa mvua ndogo kama hiyo, mimea iliyosongamana itagombea maji mpaka yote inyauke. Kwa dawa ya wadudu ni hatari zaidi, maana huko kosa huingia katika mboga tunazokula. Kwa hiyo soma neno lote mpaka mwisho. Herufi moja tu, t, ndiyo inayotenga hekta na heka, na kwa ajili ya herufi hiyo moja darasa lenu lina faida kuliko mhadhara wangu.

Jibu langu kwa darasa la Kibaigwa basi ni hili. Wanaotaka kilo na mita wana haki kuhusu mazao na ardhi, maana huko fedha hupita kutoka mkono hadi mkono, na kipimo sharti kiwe kimoja kwa wote wawili. Wanaotetea vya zamani wana haki kuhusu bomba, mbao na kiuno cha suruali. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya majina, na jina ndilo linalotudanganya. Debe si lile lile. Gunia si lile lile. Hatua si ile ile. Mtu akikutajia namba, mwulize kwa adabu: za nini, na chombo kiko wapi? Mwenye haki hataudhika.

Haya, kazi ya wiki hii. Kila mmoja atembee hatua 10 za kawaida kwenye uwanja mtupu, apige mstari alipoanzia na alipoishia, kisha apime kwa futi ya kamba upande wa sentimita na agawanye kwa 10. Hiyo ni hatua yako. Iandike pamoja na jina lako. Halafu darasa zima lichukue ndoo ile mnayoiita debe, na chupa ya maji ya lita 1. Jazeni ndoo kwa chupa mpaka ukingoni mkihesabu kwa sauti. Msishangae ikipita 20. Ndoo nyingine alama ya 20 ipo chini ya ukingo. Mwisho, chukueni mahindi makavu, mpime ndoo iliyosawazishwa, kisha ndoo yenye kilele, kwenye mizani ya duka la jirani, na kumbukeni kutoa uzito wa ndoo yenyewe. Kiongozi aandike namba zote tatu katika karatasi moja na kutuletea kwa posta.

Wiki ijayo tutasoma stakabadhi ya sokoni, mstari kwa mstari, pamoja na makato yake. Aliye nayo nyumbani, hata ya mwaka jana, aje nayo. Kwaherini.